Punguzo Lisiloandikwa

Jumanne, tarehe 11 Juni 1996, Bariadi iliamkia baridi kavu. Upepo ulipeperusha vumbi na nyuzi za pamba kutoka kwenye malori ya wanunuzi, na jua lilichelewa kupata nguvu. Fundi Method alisali rozari, akanywa uji, akaenda ofisi ya parokia kusikia nani angepewa kazi ya kutunza mashine mbili za kusaga za kikundi cha akina mama, ya zamani ya pale mjini na mpya ya kijijini Lagangabilili.

Kwa moyo wote aliamini ni yeye. Ile ya zamani aliifunga mwenyewe miaka mitatu nyuma, na hakuna mkono mwingine ulioigusa mpaka Machi. Lakini siku hizi biashara ilikuwa huria, kila mwenye fedha alifunga mashine, na mafundi walijaa mjini kama kumbikumbi baada ya mvua. Kazi hiyo ndiyo ingemlipia binti yake Winnie ada ya sekondari. Asipoipata, Winnie angerudi nyumbani kulima.

Ndani aliwakuta watatu: Scola, mwenyekiti wa kikundi, Novatus, katibu, na Jilala, fundi aliyehamia mwaka jana kutoka Malampaka, amevaa shati lililopigwa pasi. Walisalimiana kwa Kisukuma, mwangaluka, wakaketi. Novatus akasoma uamuzi. Kazi amepewa Jilala, kwa sababu ana moyo wa kukisaidia kikundi.

Method aliomba aonyeshwe huo moyo. Novatus akamsogezea ankara ya Machi. Jilala alikuwa ameandika: kuchonga shafti, elfu arobaini, punguzo kwa akina mama, elfu kumi, kukaza mkanda, elfu tatu, bure. Chini yake jumla, elfu thelathini. Kando yake Novatus akaweka ankara za Method. Kila moja ilikuwa na mstari mmoja tu: matengenezo, elfu ishirini na tano. Ya mwisho, ya Februari, ilisema thelathini na nane.

Kumbe kamati ya kikundi iliona mmoja anapunguza na mwingine anapandisha.

 Method aliitazama ankara ya Jilala kama mwanamume anayetazama mchumba wake akiolewa na mwingine. Yeye alikuwa akiwaachia akina mama elfu kumi na tatu kila mara, miaka mitatu, kimya kimya. Februari tu ndipo bei ya vipuri ilipopanda akashindwa kuwaachia. Leo huyu, kwa punguzo moja, anaitwa mwenye moyo. Aliwahi kusali asimwonee mtu kijicho. Sala hiyo haikumjia sasa.

"Mayu Scola," alisema, akimwita mama, "huyu anapandisha kwanza, halafu anapunguza. Punguzo lake ni la wino tu."

Jilala hakupandisha sauti. Alitoa kitabu chake cha ankara, chenye nakala za kaboni, akamwekea Method mapajani. "Tafuta, kaka. Bei yangu haina mke mkubwa na mke mdogo. Ni moja kwa wote."

Method akafunua. Shule, elfu arobaini. Mnunuzi wa pamba, elfu arobaini. Mwenye duka, elfu arobaini. Alifunua mpaka mwisho akitamani aione shafti ya thelathini kwa mteja mwingine hata mmoja, na alipoikosa alijua kwamba alikuwa akimtafutia mwenzake dhambi. Uso ulimshuka.

Scola akamuuliza bei yake ya kweli ni ipi. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba ni thelathini na nane, tangu siku ya kwanza. Mbona hakusema? Akasema Injili imekataza mkono wa kushoto kujua ufanyalo wa kulia.

"Sadaka ni siri yako na Mungu, baba," alisema Scola. "Ankara ni ya akina mama sitini. Ulitupa zawadi, sisi tukaifanya bei. Tukapanga gharama ya kusaga kwa hiyo ishirini na tano yako. Februari fedha haikutosha, mashine ikalala wiki nzima, na wanawake wakatembea na mahindi kichwani mpaka kwa watu wengine. Walikuwa wakikulaani wewe, nami sikuwa na mstari wa kuwasomea nikutetee."

Method akakifunga kitabu cha Jilala, akamrudishia. Hakujua kwamba kimya chake kilimbebesha mtu mzigo.

Scola alinong'ona na Novatus kwa muda mrefu. Kisha akasema mashine ya Lagangabilili inabaki kwa Jilala. Ya hapa mjini Method ataitunza mpaka Krismasi, wamwone, ila kwanza afute neno lake juu ya Jilala, na aseme ataandikaje. Nusu ya kazi ilikuwa nusu ya ada. Na ile mpya, yenye injini inayong'aa, imekwenda kwa mwingine. Hilo lilimuuma bado. Alisimama hivyohivyo, na maumivu yake.

"Jilala, nimekusingizia, nisamehe. Mbele ya Mungu na mbele yenu watatu naahidi: kuanzia leo nitaandika bei yangu kamili. Nikipunguza, nitaandika nimepunguza kiasi gani, kwa sababu gani na mpaka lini. Nikifanya bure, nitaandika kwanza ilikuwa ya shilingi ngapi, ndipo niandike bure."