Karatasi Zisizo na Wino Mwekundu

"Hivi wewe, unamfundisha mumeo namna ya kukuacha?"

Ndivyo jirani yake, fundi cherehani, alivyomuuliza Mwalimu siku moja, pini zikiwa bado mdomoni. Mwalimu akacheka kwa adabu, akajibu kwamba mtihani haujawahi kumchukua mume wa mtu. Lakini swali lile liliingia moyoni, likakaa.

Mumewe alikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume. Alipata nafasi katika hospitali kubwa ng'ambo, kwa sharti kwamba kwanza afaulu mtihani wa kuandika Kiingereza. Kuongea aliongea bila shida. Kalamu ndiyo iliyomgomea. Akianza kusimulia ya jana, mstari wa tatu tayari yumo ndani ya leo, na kabla hajafika kwenye nukta ameshavuka kesho. Mkewe alifundisha Kiingereza darasa la sita, basi wangemtafuta nani mwingine?

Alasiri, akitoka zamu, walikaa kwenye meza ya jikoni, yeye na karatasi zake, mkewe na kalamu nyekundu.

"Mwalimu, hawa watu wana nini lakini?" alilalamika. "Sisi 'li', 'na', 'me', 'ta', tumemaliza, tunakwenda kulala. Wao kitendo kimoja kinabadilisha nguo kama bibi harusi!"

"Acha maneno, mwanafunzi. Andika."

Alihangaika naye mpaka siku alipoamua kumfuata kwa mifano ya hukohuko wodini kwake. "Sikiliza. Mgonjwa uliyemtibu jana akaruhusiwa, kitanda kitupu. Huyo andika 'I treated', yamekwisha. Aliyelazwa asubuhi na bado unahangaika naye, huyo ni 'I have been treating'. Kila ukiandika, jiulize: kitanda kina mtu au hakina? Ukishajua, usimhamishe mgonjwa katikati ya habari."

Mume akapiga meza kwa kiganja. "Kumbe ndiyo hivyo tu? Miaka yote nimeteswa bure!"

Tangu hapo wino mwekundu ukaanza kupungua. Kadiri ulivyopungua, ndivyo alivyozidi kuzungumzia safari. Aliuliza bei ya koti zito la baridi. Koti moja, la kwake.

"Mimi nitangulie," alisema, "wewe utafuata."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Dada yake mkubwa naye aliambiwa na shemeji kwamba atafuata, na mpaka leo simu ikilia huruka kama aliyeguswa na moto, halafu hukaa chini taratibu.

Ikaja insha moja nzuri, imenyooka. Ila katikati mgonjwa wa jana alikuwa amerudishwa leo. Kalamu ikasimama juu ya mstari ule. Mwalimu alimwomba Mungu ampe nguvu, lakini hakuzingoja. Aliweka alama ya vema, akaandika chini: Vizuri sana. Iliyofuata pia. Na zilizofuata.

"Umeona?" mumewe alijigamba. "Mwanafunzi wako ameiva!"

Akaenda kufanya mtihani, akaanguka, na kilichomwangusha ni uandishi tu. Hakulia. Alikula, akaosha sahani yake, akalala.

Jumamosi alizitandaza karatasi zote mezani. "Nataka nijue nilipokosea. Nitarudia."

Mwalimu alikuwa akipiga pasi sare ya kazi ya mumewe. Alimsikia akisoma kwa sauti ya chini, akijiuliza kila mstari, kitanda kina mtu au hakina, kama alivyofundishwa. Kwenye zile za mwanzo alijicheka mwenyewe. Akafika kwenye zile safi. Akasoma. Akarudia. Akavuta nyingine.

"Mwalimu."

"Abee."

"Hapa mgonjwa ameshakwenda kwao, na mimi bado nampima joto."

Pasi ilitulia juu ya kisahani chake.

"Na hapa. Na hapa tena. Nimeyaona mimi, mimi niliyefeli. Wewe hukuyaona?"

Angeweza kusema alichoka, kwamba macho yalishajaa madaftari ya watoto. Angemwamini, siku zote alimwamini. Uongo ulikuwa tayari kwenye ulimi, nao aliumeza kwa tabu kama dawa chungu.

"Niliyaona."

"Yote?"

"Yote. Niliogopa, mume wangu. Niliogopa hutarudi."

Mume alimtazama kwa muda, kama anayemtazama mtu aliyefanana na mtu anayemjua.

"Ungeniambia tu nibaki," alisema. "Ningebaki."

"Basi baki. Nakuomba sasa."

Alikusanya karatasi, akazilinganisha kingo, akaziacha pale mezani. Alichukua ile sare ikiwa bado na moto wa pasi, akaiweka begani, akafungua mlango, akatoka.