Uwanjani Hakuna Mtoto

Cleophas alikuwa na miaka arobaini na saba, kitambi cha kadiri, goti la kushoto lililolia kama bawaba kavu, na jezi namba kumi ya timu ya Watanzania wa Minnesota, ambayo hakuwa tayari kumwachia mtu yeyote chini ya jua. Mwaka ule wa Kombe la Dunia la Ujerumani, vijana wa timu walianza kunong'ona kwamba mzee anawachelewesha. Khalfan, nahodha, ambaye zamani wakiwa wanafunzi walikaa naye chumba kimoja mtaa wa Frogtown, akamwendea kwa upole na kumweleza yalivyo. Mechi ya Julai dhidi ya Wakenya ndiyo itakayoamua. Aking'ara, ataendelea na jezi yake. Akichemsha, atundike daruga.

Cleophas akacheka. "Ng'ombe hazeeki maini," akasema, akaenda zake.

Msimwone mjinga kung'ang'ania kipande cha kitambaa. Kazini kwake, katika kampuni ya bima mjini Minneapolis, alikuwa mkaguzi wa hesabu ambaye wenzake walimuuliza kila Januari kama baridi inamsumbua, na wala hawakungoja jibu. Kule Maple Grove alikojenga maisha, majirani walimpungia mkono miaka kumi na sita bila kulijua jina lake. Ni Jumapili tu, akishavaa ile jezi, ndipo watu walipopiga kelele pembeni mwa uwanja wakimwita Profesa, kwa jinsi alivyokuwa akiwafundisha mabeki adabu. Jumatatu ilipofika Profesa alikufa tena mpaka wiki iliyofuata. Mtu wa namna hiyo ukimvua jezi humwachi na kitu, na yeye alilijua hilo kuliko wote.

Sasa tuje kwa mtoto. Cleophas alikuwa na mwana mmoja, Ian, aliyezaliwa huku huku na Philister, muuguzi, Mkenya wa Kisumu. Mtoto alipoanza kusimama tu, baba akampeleka kwenye nyasi za nyuma ya nyumba na kumwekea mpira miguuni. Hapo hapana ubaya. Ubaya ulikuwa namna ya kucheza. Cleophas alisomea shule ya bweni Bukoba, na huko wakubwa walimpiga mateke mpaka naye akajua kupiga. Aliamini kwamba digrii, nyumba, na hata mke aliyempata, vyote vilitokana na mateke yale. Kwa hiyo akaweka sheria, na sheria ilikuwa moja: uwanjani hakuna mtoto.

Walicheza mpaka mabao kumi. Mtoto wa miaka mitano alifungwa kumi kwa bila, na baba yake akashangilia, nawaambia, akazunguka bustani nzima amenyoosha mikono huku jirani akimtazama juu ya ua. Mtoto alipigwa tobo, mpira ukipita katikati ya miguu yake, akapigwa kanzu, ukipita juu ya kichwa chake, akapigwa kikumbo akala majani. Akilia, mabao yalianza kuhesabiwa upya. Mwisho wa mchezo aliyefungwa alipiga magoti, akamfungua mshindi kamba za viatu, akaviosha viatu vile kwa mpira wa maji wa bustani. Theluji ikianguka walihamia gereji. Aliyepiga magoti siku zote alikuwa yule yule.

Alipokuwa na miaka tisa, Ian alimtoka baba yake kwa mara ya kwanza. Alimpita kwa chenga safi, lango likawa wazi mbele yake. Cleophas akamfuata kwa nyuma na kumsukuma kwa bega, mtoto akaenda kugonga nguzo ya ua kwa mdomo, na jino la mbele likakatika nusu. Daktari wa meno aliuliza imekuwaje. Ian, mdomo umevimba, akajibu kwamba alianguka kwenye baiskeli. Philister alikaa wiki nzima bila kusema na mumewe. Cleophas yeye alirudi nyumbani kifua mbele, akamnunulia mtoto aiskrimu asiyoweza kuitafuna, na kisa kile akakifanya cha kuchekeshea watu kwenye sherehe. Mwanangu si mbea, alikuwa akisema. Samaki mkunje angali mbichi.

Hiyo ilikuwa sheria ya uwanjani. Nyumbani ilikuwepo nyingine. Nyumbani mtoto alitakiwa kumpisha mkubwa mlangoni, kumwachia kiti, na zaidi ya yote kumwamkia. Ian alikisikia Kiswahili chote, hata vijembe, lakini alijibu kwa Kiingereza, na shikamoo haikumtoka mdomoni hata kwa dawa. Kwa wajomba zake Wakenya hakuna aliyemdai. Kwa baba yake ilikuwa vita. Sikukuu moja wageni walifika, Khalfan akiwa miongoni mwao, na Ian, wakati huo wa miaka kumi na miwili, akawaamkia kwa Kiingereza. Cleophas akamsimamisha pembeni mwa mlango na kumwambia hataondoka hapo mpaka aamkie kama mtoto wa watu. Wageni wakala, wakanywa chai. Khalfan akamwombea mara mbili, akakataliwa mara mbili. Jioni wakaondoka mmoja mmoja wakipita mbele ya mtoto yule, wengine wakitazama chini kwa aibu, naye akiwapisha bila neno. Hakuamkia. Cleophas alisema hajapata kuona mtoto mwenye kichwa kigumu namna ile, na hakujiuliza kimetoka kwa nani.

Miaka ikaenda. Ian akafika kumi na saba, mrefu kama wajomba zake, mpira ukimtii. Majira ya kuchipua ya mwaka ule ule wa Ujerumani walicheza nyuma ya nyumba, na Ian akaongoza tisa kwa saba. Cleophas akauokota mpira kwa mikono, akasema goti linamsumbua, akaingia ndani. Hawakucheza tena. Wiki chache baadaye Khalfan alikuja nyumbani. Alikuwa amemwona kijana akichezea shule yake na alimtaka timuni, acheze nyuma ya washambuliaji. Cleophas alijua mahali hapo panavaa jezi namba ngapi.

"Bado laini," akasema. "Mngoje akomae."

Alisema uongo, na alijua kwamba anasema uongo. Akainua macho akamwona Ian amesimama kwenye ngazi na bakuli la nafaka na maziwa mkononi. Kijana alirudi jikoni. Alimaliza kula, akaosha bakuli lake.

Siku ya mechi ikafika. Uwanja ulikuwa Richfield, karibu na uwanja wa ndege, na kila baada ya muda ndege ilipita chini chini na watu wakanyamaza mpaka ipite. Mahema yalikuwa pande mbili, Wakenya na nyama yao, Watanzania na pilau yao. Cleophas alishuka garini akiwa amekwisha kuvaa jezi. Philister akaelekea hema la kwao, na Ian akamfuata mama yake, mfuko wa viatu begani. Cleophas aliona ni kawaida, mpaka alipomwona anavua fulana na kuvaa jezi nyekundu.

Nahashon, kocha wa Wakenya, akavuka uwanja kuja kumweleza mwenyewe, kwa adabu. "Cleophas, usi-mind, kijana tume-m-register na sisi. Ni wa mama yake pia."

Cleophas akacheka na kusema hakuna neno. Lakini moyo ulimchoma. Alichomwa kama mtu aliyekuta nguo zake zimevaliwa na mwingine, maana hata kama alimnyima mtoto nafasi, hakuwahi kufikiri kwamba mtoto ana pengine pa kwenda. Kisha hasira ikamsaidia. Vema, akajiambia, leo nitamkunja mbele ya watu, na Khalfan aone nani laini.

Nahashon alimweka Ian nyuma, kazi yake ikiwa moja tu, kumkaba namba kumi. Na alimkaba. Kila mpira uliomfikia Cleophas uliondolewa miguuni mwake kama mtu anavyomwondolea mgonjwa sahani. Ian hakumgusa, hakumsukuma, hakumtazama usoni. Alimpiga tobo, akampiga kanzu, akamwacha amegeukia upande usio na mpira. Zile zilikuwa chenga za Cleophas mwenyewe, za nyuma ya nyumba, kwa mpangilio ule ule. Kwenye mahema watu walicheka mwanzoni. Baadaye wakapunguza kucheka, na hilo lilimuumiza zaidi. Kufika mapumziko Wakenya walikuwa wanaongoza matatu kwa bila.

Khalfan akamwita kando. Akamwambia jua kali, goti lile, si vibaya akipumzika, watamwingiza kijana mwingine. Na Cleophas, ambaye hakuwahi kumwomba mtu kitu tangu aingie nchi hii, akaomba. Alimshika nahodha mkono akaomba aachwe kidogo tu, apate bao moja, bao moja halafu atatoka mwenyewe. Macho yalikuwa yamemlowa. Khalfan akatazama pembeni, akakubali.

Kipindi cha pili kilikuwa bado kichanga pasi ndefu ilipopigwa kutoka nyuma. Mabeki wa Wakenya walikuwa wamepanda wote. Cleophas akaupokea mpira kwa kifua, vizuri, kama zamani, na mbele yake akabaki mtu mmoja kabla ya kipa. Ian. Kelele za "Profesa! Profesa!" zikaanza upande wa pilau. Akasukuma mpira mbele, akakusanya kila kilichobaki katika miguu ile miwili.

Ian akasimama wima. Akasogea hatua moja pembeni, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kidogo kama mtoto aliyelelewa.

"Shikamoo, baba," akasema, kwa sauti iliyofika kwenye mahema yote mawili. "Pita."

Kilikuwa Kiswahili safi, matamshi ya Cleophas mwenyewe. Na kwa kuwa mdomo wa mtu humtumikia kabla ya akili, mdomo wa Cleophas ukajibu wenyewe.

"Marahaba."

Miguu ilikuwa ingali inakwenda. Kipa, kijana mtundu, alipoona yale naye akatoka langoni, akasimama kando ya mlingoti na mikono nyuma. Cleophas akafika mbele ya lango tupu na mpira wake. Angeweza kuutoa nje. Angeweza kuusimamisha na kumrudia mwanawe. Lakini alikuwa ameomba bao, na alilitaka bao lile kuliko alivyoitaka heshima yake, kwa hiyo akaupiga, mpira ukaviringika mpaka ndani.

Halafu mama mmoja mtu mzima kwenye hema la Wakenya akasema bila kuficha sauti, "Waona mtoto mwenye heshima." Uwanja mzima ukaangua kicheko. Walicheka Wakenya, wakacheka Watanzania, akacheka refa filimbi mdomoni. Vijana wa timu yake walicheka wameshikana mabega. Khalfan peke yake hakucheka. Alikuja polepole, akanyoosha mkono, na Cleophas akavua jezi pale pale katikati ya uwanja na kumpa. Akatoka na kitambi chake wazi, ndege ikipita juu, na hata watoto wadogo waliokaa mstarini wakamwamkia shikamoo wakikanyagana kwa vicheko. Aliwaitikia wote.

Njia nzima ya kurudi Maple Grove aliyeendesha ni Philister. Cleophas alikaa mbele akitazama barabara. Alijua amemfinyanga mtu yule aliyekaa nyuma kwa mikono yake mwenyewe, na aliona fahari kidogo ndani ya aibu, na fahari ile ilimkera kuliko aibu. Ipo njia moja tu ya kutoka hapa, alifikiri. Nimefungwa. Mtu aliyefungwa ni mchezaji bado, na mchezaji anajua la kufanya.

Walipofika alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akafungua bomba. Ian alipotokea na mfuko wake, viatu vya mpira bado miguuni, akamkuta baba yake amepiga magoti kwenye nyasi, mpira wa maji mkononi, maji yakimlowesha suruali.

"Lete mguu," Cleophas akasema. Alitaka kuamuru, ikatoka kama ombi.

Ian alimtazama. Akatabasamu, na lile jino lililokatika likaonekana. Halikuwa tabasamu la chuki. Lingekuwa la chuki, Cleophas angelishukuru.

"Inuka, baba," kijana akasema. "Leo hatukucheza. Nilikupisha tu."

Akamsaidia kusimama, akimshika kiwiko kama wanavyoshikwa wazee ambao Philister huwahudumia kazini kwake. Akafunga bomba. Akatangulia mpaka mlango wa nyuma, akaufungua, akasimama pembeni na kusubiri mkubwa apite kwanza, kama alivyofundishwa.

Cleophas akapita.