Simjui, Alisema Radhiya

Radhiya wa Kikwajuni alikuwa mshoni wa mabuibui, mjane wa miaka arobaini na mitano, na chama kwake kilikuwa kama ukoo. Alikirithi kwa baba yake pamoja na nyumba. Kwa hivyo mwaka ule wa kuandikisha wapigakura, chama kilipotaka wakala wa kukaa kituoni, pale skuli, hakuna aliyetaja jina la mtu mwengine.

Kazi ya wakala ni kutazama. Akija mtu asiyekuwa mkaazi wa mtaa, anayo haki ya kumpinga.

Siku ya tatu aliingia Mzee Kificho. Alikuwa Mtumbatu, baharia aliyestaafu, na alikuwa jirani wa Radhiya, nyumba ya pili, kwa miaka ishirini na tisa. Juu ya mlango wake ilipepea bendera ya upande wa pili, na mtaa mzima ukiiona. Lakini ndiye aliyeshuka kaburini kumlaza baba yake Radhiya, siku ambayo kaka zake walikuwa Maskati na ndege imechelewa.

Karani alipekua daftari, akapekua tena.

"Jina lako limeondolewa, mzee. Imeelezwa kuwa hukai tena hapa."

"Nakaa. Nilikwenda Tumbatu miezi minane, namuuguza dada yangu. Nshamzika, nimerudi kwangu."

Karani akawageukia mawakala. Yule wa upande wa pili alikuwa mwanamke aliyeletwa kutoka Bububu, hamjui mtu pale.

"Bi Radhiya, wewe ndiye mwenyeji. Unamjua huyu? Ni mkaazi?"

Ayoub, katibu wa tawi, alikuwa amemwambia jana yake: "Wale tunaozijua kura zao, usiwafungulie mlango wewe." Radhiya hakumtazama mzee. Alitazama meza.

"Simjui," alisema.

Neno lilimtoka jepesi, kama mtu anayekataa kuongezewa sukari. Mzee Kificho hakubisha. Alisimama kidogo akimtazama, akakusanya karatasi zake, akazitia mfukoni mwa kanzu. "Haya, ahsanteni," alisema, akatoka.

Radhiya alingoja mzee arudi na sheha wa mtaa, au na mashahidi, apambane. Hakurudi. Ijumaa ile Bi Sichana, mkewe, alimletea Radhiya bakuli la pweza wa nazi kama kawaida yake, akakaa, akazungumza habari za bei ya mchele. Hakuwa na habari ya lolote. Mzee hakumwambia. Bi Sichana alipoondoka, Radhiya alilifunika bakuli, na chakula kikachacha bila ya kuguswa.

Siku ya kura alipanga foleni, akapiga, akarudi kwa njia yake ya siku zote. Mzee Kificho alikuwa amekaa barazani kwake, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na kofia. Mpita njia mmoja alimuuliza kama hendi kupiga kura.

"Mimi sijulikani," alijibu mzee, taratibu, bila ya kumtazama mtu.

Radhiya alikificha kidole chenye wino ndani ya buibui, akaharakisha kupita.

Chama chake kilishinda jimbo lile kwa kura mia tisa na zaidi. Wenzake walipopiga vigelegele, yeye alikuwa akifikiria ile kura moja, ambayo isingebadilisha kitu. Aibu ikazidi kumwelemea. Siku ya nne alikwenda kwa mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimekuja kuomba radhi. Nilisema uongo."

"Chama changu kushindwa nshazoea," mzee alisema. "Lakini siku ile nilirudi nyumbani nnajiuliza, miaka yote hii nimekaa wapi? Nimeishi na nani?"

"Nisamehe."

"Nshakusamehe, kwa ajili ya marehemu baba yako. Ila ulinikana mbele za watu, Radhiya. Hapa tuko wawili tu."

Jumapili, tawi lilikutana kusherehekea. Radhiya alisimama kabla ya soda kugawiwa, akaeleza yote: jina, swali la karani, jibu lake, hata kaburi la baba yake.

"Kaa kitako, Bi Radhiya," Ayoub alisema. "Hayo yameshapita. Nani hakufanya?"

"Sikai," alijibu. "Nnamjua. Nnamjua tangu sijaolewa."

Mtu mmoja alicheka. Fathiya, rafiki yake, aliyekuwa wakala wa kituo chengine, aliinamisha kichwa na hakukiinua tena.

Kesho yake Radhiya alikwenda ofisi ya uandikishaji, akaandika maelezo yake na kutia saini. Alijibiwa kuwa barua itawekwa, na daftari likifunguliwa tena mzee aje. Lini, hakuna aliyejua. Mzee Kificho alikuwa na miaka sabini na minane.

Tawi halikumwita tena. Bi Sichana, habari ilipomfikia, aliacha kuja. Mzee mwenyewe hakuja kushukuru wala kulaumu. Kila asubuhi, akipita mlangoni kwa Radhiya, alimsalimia kwa jina lake, kama zamani. Salamu hiyo ndiyo iliyokuwa nzito kuliko yote. Miezi ilipita, na Radhiya bado alikuwa akizunguka kwa Michenzani kwenda sokoni, asipite mbele ya baraza ile.