Kuku Waliovaa Vitenge

Jogoo yule alikuwa na roho mbaya, tusimpambe. Kuna majogoo wanaomzunguka kuku, wakashusha bawa, wakabembeleza kistaarabu. Huyu hapana. Alimrukia kuku akiwa anakula, akamng'ang'ania kisogoni kwa mdomo, akamchimba mgongo kwa makucha, na akimaliza anamdonoa tena, utadhani yeye ndiye aliyekosewa. Kufikia Novemba kuku wote wa fundi Damien, pale uani kwake, mtaa wa Troyeville alikohamia, walikuwa na migongo mitupu, myekundu, na mmoja alikuwa amechanika chini ya bawa hata nyama inaonekana.

Jirani yake Bakiri, Mtanzania muuza mitumba, alimwambia kwamba jogoo wa namna hiyo dawa yake ni sufuria. Damien akatikisa kichwa. Angemchinjaje? Huyo alikuwa jogoo wa mkwe. Kwa ukoo wao, tangu huko kwao Uvira, siku ya mahari kijana huleta jogoo hai, akamkabidhi baba wa binti mkono kwa mkono, na jogoo huyo hachinjwi wala hauzwi mpaka mtoto wa kwanza azaliwe. Ukimchinja kabla, umeivunja ndoa; ni sawa na kusimama barabarani ukatangaza kwamba binti yako amerudi nyumbani. Gaël, mume wa binti yake, ndiye aliyemleta, na tai shingoni, na Damien alimpokea mbele ya kanisa zima, meno yote nje. Murielle, binti yake pekee, alikuwa bado hajapata mtoto.

Basi akajaribu mengine. Alimkata jogoo kucha, zikaota. Alimfungia kwenye kreti la soda, na alipomfungulia akatoka na hasira za kulipiza. Eish! Mwishowe Damien akafanya anachokijua. Alikaa kwenye cherehani, akachukua mabaki ya kitenge, akawashonea kuku nguo: kipande cha kufunika mgongo na lastiki za kupita chini ya mabawa. Jogoo akiparua, anaparua kitambaa. Na ilifanya kazi, usicheke. Wateja waliofuata suruali zao walipiga picha. Mama mmoja wa kanisani alimwuliza kama kuku nao wameanzisha kwaya. Damien akacheka nao, akajiona mtu wa akili nyingi.

Mkewe Victorine peke yake hakucheka.

"Unawavika hawa," alisema, "na yule unamwacha anatembea."

Damien akamjibu kwamba vidonda vinakauka, sasa anataka nini tena. Victorine alimtazama, akachukua beseni lake, akaenda kuanika nguo.

Jumapili moja baada ya ibada Murielle akaja, peke yake. Jua lilikuwa la kuchoma, naye alikuwa amevaa gauni la kitenge lenye mikono mirefu mpaka kwenye viganja, kola imempanda shingoni. Damien ndiye aliyemshonea, Septemba, joto lilipoanza. Siku ile ya kupima, alipomzungushia futi mkononi juu ya kiwiko, Murielle aliruka kama aliyeguswa na pasi ya moto. Damien aliona. Mtu anayepima watu mwaka mzima anaujua mkono uliovimba. Alikunja futi yake, akasema vipimo vya zamani anavyo, na kwamba mikono mirefu itampendeza sana. Ndivyo alivyosema, mzee wa kanisa huyo! Kisha akalishona vizuri kweli, hakuna hata mshono mmoja uliopinda.

Sasa Murielle alitoka kwenda uani kumfuata mama yake, akasimama ghafla. Kuku walikuwa wanachakura huku wamevaa kitenge chake. Kile kile, cha njano chenye ndege wa bluu. Haki ya Mungu, Damien hakuwa amefikiri. Mabaki ya gauni yalikuwa juu ya rundo, akayachukua, akakata. Alimwona binti yake akiwatazama kuku, kisha akiitazama mikono yake mwenyewe. Damien akatamani ardhi ipasuke immeze.

Murielle akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na kicheko kikageuka kilio hapo hapo.

"Papa," alisema, "hawa kuku uliwaonea huruma baada ya muda gani?"

Jibu Damien alikuwa nalo: siku ile ile alipoona damu.

"Nimekuja kuuliza kama naweza kulala hapa," Murielle akasema. "Kama haiwezekani sema tu, nitaenda kwa rafiki yangu Shekinah kule Bertrams."

Yaani mtoto wake wa kumzaa anamwomba nafasi kama mpangaji. Damien aliingia jikoni akatoka na kisu. Victorine, bila kuambiwa, alikuwa ameshainjika maji. Jogoo alimparua kiganja hata damu ikatoka, Damien akamchinja, mchana kweupe, majirani wakichungulia juu ya ukuta. Wala hakujiona shujaa. Mtu amechinja kuku, ushujaa uko wapi?

Zito lilikuwa bado. Kwa desturi ile ile, baba anayemchinja jogoo wa mkwe huwaambia wakwe mwenyewe, kwa mdomo wake, na sababu juu. Akanawa mikono, akampigia Gustave, mjomba wa Gaël, aliyesimamia mahari. Gustave alianza na salamu ndefu, za afya, za kazi, za kanisa. Damien akamkatiza: jogoo wenu tumemchinja leo, Murielle yuko kwetu, mwanenu anampiga.

Gustave akasema taratibu kwamba mambo ya mke na mume wanayajua wenyewe, na wasichana wakikasirika huongeza chumvi. Yeye Damien amejua tangu lini?

Angeweza kusema leo. Ingetosha, nani angemhoji? Aligeuka akamkuta Murielle mlangoni, amefuta machozi, naye anangoja jibu hilo hilo.

"Tangu Septemba," Damien alisema kwenye simu. "Niliona mkono wake umevimba, nikamshonea gauni la kuuficha."

Gustave alisema kitu, Damien hakukisikia. Alijaribu kumtazama binti yake, macho yakakataa.