Kituo cha Mstari wa Tatu

Mimi nilijifunza piano kupitia ukuta. Upande wa pili alikaa mjane tuliyemwita Bibi Jirani, na kila alasiri alipiga kipande kilekile, taratibu. Nilibandika sikio kwenye chokaa huku vidole vikimfuata juu ya meza. Mama alinicheka: "Wanasema kuta zina masikio. Ukuta wetu umeazima la kwako."

Katika mstari wa tatu Bibi alisimama. Kila siku palepale, kwa muda wa pumzi moja, kisha akaendelea. Sikuwahi kumuuliza. Niliamua mwenyewe kwamba hapo ndipo alipomkumbuka marehemu mumewe. Alipofariki nilikuwa nimeshapata piano chakavu na kitabu cha kujifunzia noti. Nikaona kwenye karatasi ya kipande kile hapana kituo. Nikajisemea, karatasi haijawahi kufiwa.

Miaka ishirini na mbili nimefundisha hivyo, katika chumba kilekile. "Ngoja," huwaambia wanafunzi wakifika hapo, "mpishe mtu apite." Nisingesikia kimya kile, nisingekuwa mwalimu. Hata baada ya Bibi kufa, darasa likiisha, nilikuwa nasikia ukutani: noti, kimya, noti. Na upande wa pili siku hizi ni stoo ya magunia matupu.

Jumatatu fundi wa piano alikuja kukaza nyuzi. Sindano, mwanafunzi tuliyempa jina hilo kwa wembamba wa vidole vyake, alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo cha muziki. Mtihani ulikuwa Ijumaa, na mwakani umri ungekuwa umemtupa nje. Alipiga kipande kile cha Bibi, ndicho cha mtihani. Kwenye mstari wa tatu akasimama.

Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwalimu! Kumbe hata ugonjwa wa piano unafundishwa?"

"Ugonjwa gani, mzee wangu?"

"Si ule wa piano ya bibi wa hapo jirani! Kibao kimoja kilivimba kwa unyevu, kikishuka hakipandi. Alikuwa anakibandua kwa ukucha ndiyo aendelee. Nikamwambia nikitengeneze, akasema, 'Kiache baba, tumeshazoeana.'"

Sindano alinigeukia. "Kwa hiyo hakuna anayepita?"

Fundi alifunga mkoba wake, akaondoka.

"Piga kama ilivyoandikwa," nikamwambia.

Alijaribu. Mkono ukagoma palepale. Mara ya tano, ukagoma. Mara ya kumi na mbili alitoa vidole kwenye vibao, akavificha kwapani kama mtu mwenye baridi.

"Mwalimu, nikipita moja kwa moja nahisi nimemkanyaga mtu."

Nami nilihisi hivyohivyo, nikiwa nimekaa tu. Ningeweza kumwambia aache, huenda watahini wangedhani ni hisia. Lakini watahini wana karatasi mbele yao, na nafasi ni moja. Niliinuka, nikasimama kati yake na ukuta, mgongo wangu ukigusa chokaa.

"Mkanyage," nikasema. "Ni mimi niliyemlaza njiani."

Akarudisha vidole kwenye vibao. Kisha akapiga, akapita.

Tulirudia hivyo Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Ijumaa nilikaa kwenye benchi nje ya chumba cha mtihani, mikono mapajani. Mstari wa tatu ulipita laini, kama mlango uliopakwa mafuta. Alipotoka alinikumbatia. Majibu yalipokuja, jina lake lilikuwa la pili kutoka juu.

Nilifurahi. Nafurahi hata leo, wala simlaumu mtu.

Ila siku ile ya majibu, wanafunzi wote walipokwisha kuondoka, nilivuta kiti hadi ukutani nikamsubiri Bibi. Muziki ulikuja, kama kawaida. Lakini vidole vilikuwa vyembamba, vyepesi. Vikafika mstari wa tatu, vikapita.