Taa Nyekundu Juu ya Matumbawe

Najat hakuwa hata amevua baibui la safari alipoona sebule yake imekuwa nyekundu kama bucha. Siku kumi na mbili alikuwa Tanga kwenye msiba wa shangazi yake, na tangi lake la maji ya chumvi, lenye samaki na matumbawe, alikuwa amemwachia jirani yake wa hapo mtaani Sokon I, Elinami, msimamizi wa miche katika shamba la maua. Alimpa kazi ndogo tu: ajazie maji kila asubuhi na alishe samaki wawili. Juu ya taa ya tangi alibandika karatasi: USIGUSE RANGI.

Karatasi haikuwepo. Swichi ya buluu ilikuwa imezungushwa hadi chini kabisa, ya nyekundu hadi mwisho. Mwani wa kijani ulikuwa umetanda juu ya mawe kama uji uliomwagika, na tumbawe lake kubwa, alilolianza na kipande kisichozidi ukucha, lilikuwa jeupe kama mfupa.

Aliketi sakafuni. Miaka minne! Mwaka wa kwanza wote uliishia kwenye kutafuta rangi ya taa. Alijaribu nyeupe, samaki wakapendeza, tumbawe likasinyaa. Ndipo akajifunza kwamba bahari huimeza nyekundu mapema, na buluu ndiyo hufika chini. Akaipunguza nyeupe na kuongeza buluu kidogo kidogo, akiandika kwenye daftari, akisoma dua kila aliposhika swichi, kwa sababu alijua anashika uhai wa kiumbe kisichoweza kulia.

Elinami alibisha hodi na kuingia akitabasamu.

"Mama Salwa! Pole na msiba, pole na safari. Umeiona bustani nilivyokutunzia?"

"Bustani?"

"Si haya maua yako ya majini? Siku ya kwanza tu niliyakuta yamefumba. Nikasema, huyu mama kayawekea mwanga wa disko! Sisi kule shambani miche ikizubaa tunaiwashia nyekundu kwa saa kumi na sita kwa siku, inachangamka yenyewe."

"Karatasi uliiona?"

"Niliiona. Nikajua umewaandikia watoto."

Najat alisimama. "Baba Yoeli, hicho ni kinyama! Kina mdomo, kina tumbo, kinakula! Ningekuachia mbuzi, ungemchimbia shimo ukammwagilia maji?"

"Mnyama gani hana miguu, Mama Salwa? Mimi miaka kumi na minane nakuza..."

"Maua! Umekuza maua! Na hapa nani alikuuliza habari za maua?"

Tabasamu likamfutika. Akatazama ule weupe kwa mara ya kwanza kama mtu anayetazama alichokifanya, kisha akanyoosha mkono haraka. "Basi, narudisha buluu. Naijaza mpaka mwisho, litapona."

Najat akampiga kofi la mkononi. Wote wawili wakashtuka.

"Ukiliwashia mwanga mkali sasa hivi unalizika," alisema. "Aliyetoka kwenye homa hatwishwi mzigo."

Akazima nyekundu. Akazima nyeupe. Buluu akaiacha kidogo sana, kiasi cha kuona vidole vyake mwenyewe. Akainama mpaka paji likagusa kioo. Chini kabisa, upande wenye kivuli cha jiwe, palibaki doa la kahawia lililokuwa hai bado, upana wa shilingi, na juu yake vinywele vidogo vikipepea.

Alitaka kusema alhamdulillahi, hasira ikamtangulia. Ya Rabbi, aliomba kimoyomoyo, nizuie nisimlaani mtu huyu, maana ulimi wangu umeshaandaa maneno.

"Nisamehe, dada," Elinami alisema.

"Bado. Sijakusamehe. Huo mwani utausugua wewe, jiwe kwa jiwe, kila siku. Kesho ukitoka kazini njoo na mswaki mpya. Usiutie dawa ya meno, na mikono uioshe kwanza, usiniletee sumu zenu za shambani. Na hapa penye uhai, hata kivuli chako kisipite."

"Nitakuja."

"Nenda."

Mlango ulipofungwa, adhana ya Alasiri ilikuwa ikisikika. Wanasema udhu huzima hasira. Najat alitawadha, hasira ikabaki. Akafungua bomba, akatawadha tena.