Stempu ya Nyumba ya Mwanamkasi

Bomba la mtaa wa Makorora lilikuwa likitoa maji membamba kama uzi asubuhi ile. Noa alipotazama jua akaona amechelewa, na ndoo yake haijafika nusu. Alimwachia mkewe, Beatrisi, akarudi ndani kuvaa. Suruali ya kaki ilikuwa imepigwa pasi tangu jana. Shati la kazi lilikuwa moja tu, lile ambalo kola yake imegeuzwa ili upande uliochakaa usionekane. Karani wa serikali hawezi kwenda ofisini amevaa kama mchukuzi, hata kama mshahara wake haumzidi mchukuzi kwa mengi.

"Unga umepanda tena," Beatrisi alisema aliporudi na ndoo. "Muuzaji anasema ni kwa sababu mkonge umeshuka bei."

"Mkonge ukishuka, unga unapandaje?"

"Kawaulize huko kwenu mjini, mnaojua kusoma."

Kibarazani alikuwa amekaa Mwanamkasi, mwenye nyumba, kajitanda kanga yake mpya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo nakuja huko ofisini kwako."

"Kwema?"

"Kwema. Utaona." Akageuza uso, akatazama njia.

Noa akashika njia ya kazini. Alikuwa Mbondei wa upande wa Muheza, aliyesomeshwa na misheni, na mwaka ule wa hamsini na tatu ulikuwa wake wa nne kupanga kwa Mwanamkasi. Vyumba vya kupangisha vilikuwa sita, kila kimoja shilingi kumi na tano kwa mwezi, na bibi mwenyewe akikaa chumba cha mbele. Kwenye kodi hakuwa mpole, lakini mtu akiuguliwa alimngoja.

Saa nne akamwona bibi anaingia ofisi yao ya kuandikisha hati pamoja na Massoud, tajiri wa mbata, zile nazi kavu. Watu walikuwa wamekaa kwenye benchi tangu alfajiri, hati zao mikononi. Mwinyijuma, karani mkuu, aliinuka mwenyewe akawapitisha hao wawili mbele ya benchi zima, akaiweka karatasi yao juu ya meza ya Noa.

Noa akasoma. Nyumba ya matope na mabati, Makorora. Muuzaji Mwanamkasi, mnunuzi Massoud. Shilingi elfu sita. Kalamu ikamsimama mkononi.

"Soma kwa sauti wasikie," Mwinyijuma alisema.

Akasoma. Akafika mwisho, akapiga hesabu. "Ushuru wa stempu pamoja na ada ya kuandikisha ni shilingi mia na hamsini. Analipa nani?"

"Muuzaji," Massoud alisema bila kuinua macho. "Yeye ndiye anayepokea fedha."

"Mimi?" Mwanamkasi alimgeukia. "Mimi natoa nyumba, sipokei nyumba. Karatasi itaandikwa jina lako, nami nikulipie?"

"Ndiyo desturi, bibi."

"Desturi ya nani? Mimi nimezaliwa mji huu. Hizo fedha nakwenda kujengea Mkwaja kwa binti yangu, nimezihesabu mpaka misumari. Huniambii habari ya stempu mpaka tumefika mbele za watu?" Akaweka kiganja juu ya karatasi. "Basi siuzi."

Mwinyijuma alimtazama Noa, jicho la kumwambia afunge mdomo. Lakini bibi naye alikuwa akimtazama.

"Wewe mwanangu, sheria yasemaje?"

"Ni juu ya mnunuzi, bibi. Ila mkipatana vingine."

Massoud akatabasamu. "Haya, nalipa mimi. Mtu na mamake hawagombani kwa stempu."

Mwanamkasi aliondoa mkono, akamwombea dua, na watu kwenye benchi wakaitikia. Noa akabandika stempu, akagonga muhuri, akaandika risiti kwa jina la Massoud. Kwa kitambo kidogo alimpenda yule mtu.

Walipotoka, Mwinyijuma aliinama sikioni kwake. "Mara ya pili usitoe sheria pasipo kuulizwa na mimi. Na ya mezani yabaki mezani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mzee."

Jioni, alipoingia uani, aliwakuta wapangaji wote wamesimama. Katikati yao alikuwa Bakar, msimamizi wa nyumba za Massoud, daftari mkononi. Nje barabarani ilikuwa imesimama motokaa, na tajiri mwenyewe ndani yake.

"Huyo chumba cha sita, karibu," Bakar alisema. "Nawaambia wenzako. Nyumba ina mwenyewe mpya. Serikali imetoza stempu, mia na hamsini. Vyumba sita, kila chumba ishirini na tano. Mwisho Ijumaa. Asiyelipa atoe vitu vyake."

"Stempu ya nini?" aliuliza Safari, mpakiaji wa bandarini, ambaye hakuwa amepata kazi siku tatu. "Mimi nimenunua nyumba?"

"Ni amri ya serikali. Mimi nimetumwa."

Chiku, mwanamke aliyeuza mihogo ya kukaanga sokoni, alimgeukia Noa. "Karani, wewe ndiyo kazi yako hii. Serikali imesema sisi tulipe?"

Macho yote yakamgeukia. Bakar alifunga daftari taratibu. "Mwambie, karani," alisema. "Mwambie vizuri. Tajiri yuko hapo nje, na mzee Mwinyijuma ni mtu wake wa siku nyingi."

Beatrisi alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chao. Hakutikisa kichwa wala hakukonyeza. Noa akaiweka sawa ile kola yake.

"Serikali imekwisha kulipwa," alisema. "Amelipa Massoud, leo saa nne. Risiti nimeiandika kwa mkono huu. Hakuna mpangaji anayedaiwa stempu."

Safari alicheka, kicheko kikavu. Bakar alibana daftari kwapani. Alitoka nje, akainama kwenye dirisha la motokaa. Mwanamkasi alikuwa ametokeza kwenye mlango wa mbele, mkono umeshika mwimo.

"Aliniambia analipa yeye," bibi alisema. Kisha akarudi ndani.

Bakar aliporudi alikuwa mpole kabisa. "Tajiri anasema karani amesema kweli, na yeye hataki ugomvi. Stempu imefutwa. Ila kodi ya chumba, kuanzia mwezi huu, ni shilingi ishirini. Ni nyumba yake. Asiyetaka asilazimishwe."

Akaandika vyumba vyote sita kwenye daftari lake, akaenda zake. Motokaa ikaondoka.

Chiku alikuwa akihesabu vidole. "Tano, miezi mitano, ishirini na tano. Stempu yake imekwisha. Mwezi wa sita tunalipa nini?"

"Tano," alisema Safari.

"Na wa saba?"

Safari akageukia njia ya bandarini.

"Ungenyamaza, Noa," Chiku alisema, na sauti yake haikuwa na hasira, ndiyo maana ilimchoma. "Tungelipa mara moja, tukalia, yakaisha. Sasa tutalipa mpaka tufe."

"Tuandike barua," Noa alisema. "Kwa mkubwa wa wilaya. Tutie majina sote."

Wakatazamana. Safari alisema anawahi bandarini kuuliza kama kuna meli ya kesho. Chiku alisema mihogo yake haijamenywa. Mmoja mmoja wakaingia vyumbani, na uani akabaki Noa peke yake.

Aliingia ndani, akasogeza sahani juu ya meza, akatoa karatasi na kalamu. Barua kama hizo alizijua. Zilipokewa na karani mkuu, zikafunguliwa na karani mkuu. Akaandika hata hivyo: nyumba, tarehe, risiti nambari ngapi, aliyelipa nani, na anayelipishwa nani. Chini akaandika jina lake kamili, na la baba yake, na kazi yake.

Alipoinua kichwa, Beatrisi alikuwa ameteremsha vikombe kutoka rafuni, na anavifunga kimoja kimoja ndani ya kanga, kama mtu wa kuhama.

"Unafanya nini?"

"Wewe andika," Beatrisi alisema. "Wino usije ukakauka."